Heathrow, Mlango wa London Wenye Nyumba Nne

Yapata kilomita 24 magharibi ya katikati ya London uko uwanja wa ndege wa Heathrow. Hapo ndipo aliposhuka Malkia Elizabeth II tarehe 7 Februari 1952, alipoikatiza safari yake ya Kenya kwa sababu ya kifo cha babake, Mfalme George VI. Uwanja ule ulikuwa bado mchanga. Ulipofunguliwa kwa abiria mwaka wa 1946, wasafiri walingojea ndege zao ndani ya mahema.

Leo hapana hema hata moja. Yako majengo manne ya abiria, nayo huitwa kwa hesabu: la 2, la 3, la 4 na la 5. Mgeni asilitafute la 1, maana lilifungwa mwaka wa 2015. Majengo ya 2 na 3 yako katikati ya uwanja, nayo hutumia kituo kimoja cha gari la moshi. La 5, lililofunguliwa mwaka wa 2008, liko upande wa magharibi, na la 4 liko kusini, mbali na wenzake.

Hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Mtu husoma jina la Heathrow katika tikiti yake, akadhani imetosha, asiitazame hesabu ya jengo. Akifika jengo la 4 na ndege yake iko la 5, hatapata gari la moshi la kumpeleka moja kwa moja. Sharti aende kwanza kituo cha katikati, kisha abadili. Safari hiyo haina nauli, lakini hula wakati, na ndege haimngojei mtu.

Msafiri aingiaye Uingereza, akiisha kuonyesha pasi yake, kuchukua mizigo na kupita forodha, hukuta njia tatu za reli za kwenda mjini. Treni ya haraka hufika kituo cha Paddington kwa dakika 15 kutoka katikati ya uwanja, lakini nauli yake ni kubwa kupita zote, wala haifiki jengo la 4. Reli ya Elizabeth, iliyopewa jina la malkia yule yule, hufika Paddington kwa muda wa nusu saa hivi, kisha huendelea chini ya mji mpaka mashariki. Reli ya Piccadilly, iliyofika katikati ya uwanja mwaka wa 1977, huenda polepole na kusimama vituo vingi, walakini nauli yake ni nafuu.

Basi msafiri mwenye busara huandika mambo mawili kabla ya kuondoka kwao: hesabu ya jengo lake, na jina la kituo kilicho karibu na nyumba ya mwenyeji wake. Akiwa nayo mkononi, hata lugha ikimshinda, atamwonyesha mtumishi wa kituo karatasi yake naye ataelekezwa. Kuuliza si ujinga.