Mwenyekiti Nambari Moja

M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, vyama vingi vya akina mama pale Kangemi bado viliweka hesabu kwenye daftari kubwa la jalada gumu. Kila mwanachama alikuwa na nambari yake, na mwenyekiti kwa kawaida alikuwa nambari 1. Hakuna aliyehangaika kujua kama Uthiru au Kawangware kuna mwingine mwenye nambari hiyo hiyo. Angehangaika kwa nini?

Kompyuta ndiyo iliyoleta utata. Nilikuwa na wenzangu wachache kwenye ofisi ndogo karibu na Mpaka Road, Westlands, si mbali na makao makuu ya Safaricom pale Waiyaki Way, tukiunda programu ya mtandaoni ya kuwekea hesabu za vyama. Tulitumia Rails, mfumo alioutoa David Heinemeier Hansson mwaka 2004. Ndani yake mstari mmoja tu unatosha kuagiza kwamba kitu fulani kisirudiwe, na sisi tuliagiza hivyo kuhusu nambari za wanachama. Chama cha pili kilipojiunga, mwenyekiti wake akaandika 1 mbele ya jina lake. Skrini ikamjibu kwa maandishi mekundu: nambari hii tayari inatumika. Akatupigia simu.

"Kijana, hiki chama nimekianzisha mimi. Huyo aliyenitangulia ni nani?"

Ndipo amri ikabadilishwa: nambari isirudiwe ndani ya daftari la mtumiaji mmoja, yaani chama kimoja, na kila mtumiaji awe na nambari 1 yake. Kwenye msimbo ni neno moja tu la nyongeza. Kwa yule mama ilikuwa heshima yake.

Kisha yakaja malipo mawili mawili. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, lakini mweka hazina mwenye modemu ya USB bado aliweza kubonyeza "Hifadhi", akaona kimya, akabonyeza tena. Shilingi 500 za mwanachama mmoja zikawa 1,000. Programu ilikuwa ikikagua, tena kwa uaminifu: inaiuliza hifadhidata kama rekodi ipo, ikiambiwa haipo inaandika. Tatizo ni ule mwanya mdogo kati ya kuuliza na kuandika. Maombi mawili yakifika pamoja, yote mawili huambiwa "haipo", kama makanga wawili wanaouza kiti kimoja cha mwisho. Maelezo ya Rails yenyewe yanaonya kuhusu jambo hili, ila nani husoma maonyo? Dawa ni kuiachia hifadhidata uamuzi wa mwisho: faharisi ya upekee inayofunga safu mbili pamoja, ya mtumiaji na ya rekodi yake. Ombi la pili linakataliwa pale pale, hata likichelewa kwa kufumba na kufumbua.

Nambari za miamala ya M-Pesa zilitugeuzia kibao. Kulikuwa na mwanachama wa vyama viwili vyenye mweka hazina mmoja. Alituma pesa mara moja, kisha akapeleka ujumbe ule ule kwa makatibu wote wawili. Kila daftari liliupokea bila shida, kwa sababu sheria yetu ilitazama ndani ya daftari moja tu. Nambari ya muamala lazima iwe ya kipekee katika mfumo mzima, na hapo mama wa nambari 1 hahusiki. Ila ujumbe wa kukataa usitaje chama kilichokwisha kuitumia: hiyo ni siri ya watu, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data.

Tulipohamisha hifadhidata kutoka MySQL kwenda PostgreSQL, rekodi rudufu zilirudi kwa mlango wa nyuma. MySQL, kwa mipangilio yake ya kawaida, haijali herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inajali. Katibu akiandika nambari ya muamala kwa herufi ndogo, ilihesabiwa kuwa malipo mapya. Siku hizi kila nambari hugeuzwa herufi kubwa na kuondolewa nafasi kabla ya kuhifadhiwa. Waliolipa taslimu, ambao hawana nambari ya muamala, safu yao huachwa bila thamani yoyote. Ikiwekwa neno tupu, mlipaji wa pili wa taslimu hukataliwa.

Kwa hiyo ukiletewa programu ya chama uijaribu, bonyeza "Hifadhi" mara mbili upesi upesi. Kisha ingiza nambari ile ile ya M-Pesa kwa herufi ndogo, katika daftari la chama kingine. Ukiona rekodi mbili, usitoe hata shilingi.