Kulegeza Nyuzi

Nina sekunde 47 za baba yangu. Ni sauti tu, tena ya simu ya bei ndogo: gitaa kavu, feni inayolia, na mbali kidogo muuza maji anayepita na kengele yake. Baba anapiga "Malaika". Haimbi. Alinitumia kwa WhatsApp mwaka 2019, wiki chache kabla ya mtihani wangu wa kidato cha sita. Nilisikiliza mara moja, nikamjibu kwa kidole gumba cha njano, nikarudi kwenye madaftari.

Alifariki mwaka 2021. Tangu hapo nimezisikiliza sekunde hizo mara nyingi kuliko wimbo wowote duniani, na kila mara nilibaki na wazo ambalo sikutaka kuwa nalo: kwamba baba hakuujua ule wimbo. Kodi zinazunguka, zinarudi, zinazunguka tena, lakini sauti yenyewe, ile ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua, haianzi. Niliwahi kumwambia mdogo wangu kwamba baba alilipenda gitaa kuliko gitaa lilivyompenda yeye. Tulicheka. Sisemi nilikuwa na nia mbaya.

Agosti mwaka jana nilikwenda Sudi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Ninaandika kuhusu wapiga gitaa wa bendi ndogo za dansi za kusini, zile ambazo hazikufika kwenye studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukiondoka kwenye barabara ya Lindi na Mtwara unapanda bodaboda kuelekea baharini, katikati ya mikorosho. Wakati ule ilikuwa imechanua na hewa nzima ilinuka salfa wanayopulizia. Halafu unafika kwenye ghuba, mikoko, ngalawa zilizolala upande maji yakiwa yamekupwa, na magofu ambayo watoto wanayachezea bila kuyajali. Machi 1916 meli ya Wajerumani iitwayo Marie ilijipenyeza kwenye ghuba hii, ikiwakwepa Waingereza, ikashusha silaha na risasi. Babu husimulia kana kwamba alikuwepo, ingawa amezaliwa miaka mingi baadaye.

Babu, baba mzaa baba, alipiga gitaa la ridhimu miaka ya 1970 kwenye bendi moja ya Lindi. Hapendi niitaje jina, anasema waliobaki hai wanadaiana. Mwenzake aliyepiga solo anaishi nyumba ya tatu kutoka kwake na anaunda ngalawa, kwa hiyo wote tunamwita Fundi. Bendi yao ilijiita jazz, kama ilivyokuwa desturi. Kulikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz iliyoanza 1964, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo kwa watu wa pwani hii ilikuwa kama timu ya nyumbani ingawa makao yake yalikuwa Dar. Ukisikiliza muziki wao unasikia Kuba na Kongo kuliko Marekani. Nilimuuliza Babu kwa nini basi waliita jazz. Akasema, "Mchumba wangu, ungecheza ungeelewa."

Jioni ya tatu alikuja mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa rika langu, na gitaa lake. Huyu amejifunza jazz yenyewe, ile ya Wamarekani, kupitia video za mtandaoni. Aliwaonyesha wazee kipande cha Wes Montgomery, yule wa Indianapolis aliyepiga kwa kidole gumba badala ya kipiki, inasemekana ili asiwasumbue majirani usiku. Fundi akaisogeza simu karibu na macho. Yeye mwenyewe hupiga kwa gumba na cha shahada. "Huyu ana adabu," alisema, ikawa ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizomsikia akimpa mtu wiki ile.

Ndipo mwalimu akapiga "Malaika". Aliupamba. Kila kodi aliiongezea noti mbili tatu, akapita njia za mzunguko kufika mahali ambapo watu huenda moja kwa moja. Mimi nilivutiwa, siwezi kukataa. Babu alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akasema viungo vimekuwa vingi, samaki hamsikii. Mwalimu akacheka kwa shida kidogo.

Hapo ubishi ukafunguka. Kwanza wa nani ametunga, maana huwezi kuutaja wimbo ule mbele ya wazee wawili ukapona. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jambo Boys, lakini wapo wanaosema ni wa Adam Salim tangu miaka ya 1940, na wapo wanaomtaja Grant Charo. Fundi ni wa Adam Salim. Babu ni wa Fadhili, kwa hoja kwamba asiyeimba hadharani asidai. Kisha mwendo. Babu anaona Miriam Makeba aliupunguza kasi hadi ukawa sala, na tangu alipouimba na Harry Belafonte mwaka 1965 dunia nzima ikadhani ndivyo ulivyo. Fundi akasema mtu aliyekosa mahari ataharakisha kwenda wapi? Kisha wakabishana kuhusu mwisho wa mstari: solo ijibu palepale mwimbaji anapovuta pumzi, au imwache kwanza amalize? Walikaa hapo karibu saa nzima, wakioneshana kwa gitaa la mwalimu, wakinyang'anyana kama watoto. Kwenye daftari langu ukurasa wa siku ile una mistari minne tu.

Sijui kwa nini nilitoa simu wakati ule. Nilikuwa sijamsikilizisha Babu. Yeye aliamini mwanawe aliacha gitaa mwaka 1996 alipohamia Dar, na hilo liliwahi kuleta maneno kati yao. Nadhani niliogopa asikie mwanawe akikosea. Nilisema tu, "Kuna mwingine huyu, msikilize," nikabonyeza.

Sekunde 47. Hakuna aliyesema kitu. Fundi akaomba tena. Mara ya pili aliinamisha kichwa, akawa anagonga goti kwa kidole, na kila mwisho wa mstari kidole kilisimama.

"Huyu anamsubiri mtu," alisema. "Sikia. Hapo ananyamazisha nyuzi kwa kiganja. Anaacha nafasi. Hii ridhimu, si wimbo."

Babu alikuwa anatazama chini. "Na gumba analitangulizia kwenye besi," alisema. "Hilo kosa nililifanya mimi, naye akalichukua hivyohivyo." Hakuuliza ni nani.

Gitaa la ridhimu ndivyo lilivyo: likipatia hakuna anayelisikia, likikosea hata mpishi jikoni anajua. Mimi, mtafiti wa magitaa, miaka yote nilikuwa nimelisikiliza kama solo iliyoshindwa.

Fundi alichukua gitaa ajibu, lakini halikulingana. Gitaa la baba lilikuwa chini, karibu nusu sauti. Mwalimu alisema labda ni kasoro ya simu. Babu akakataa: nyuzi zimezeeka, ukizikaza zinakatika, mtu mwenye akili anazilegeza akangoja mwisho wa mwezi anunue nyingine. Basi Fundi akalegeza. Uzi mmoja mmoja, simu ikirudiarudia, akigeuza funguo kidogo na kutega sikio, mpaka wote sita ukakaa pale baba alipokaa.

Sekunde 47 hazitoshi hata beti moja kupumua vizuri. Kila rekodi ilipofika mwisho na kuanza upya, pigo liliruka, na Fundi alijikwaa. Baadaye alilizoea pengo lile, akawa anaondoa mkono kabla halijafika. Alipiga taratibu, kwa mwendo wake, na sauti ile niliyoisubiri miaka ikaingia mahali pake. Sikuirekodi. Simu ninayorekodia ndiyo iliyokuwa ikimpiga baba.

"Alikuambia nini alipokutumia?" Babu aliuliza.

Nilifungua mazungumzo yetu, nikamsomea: Sikiliza ukipata nafasi.

"Nawe ukamjibuje?"

Nikamwonyesha kidole gumba.

Babu alikitazama, kisha akautazama mkono wa Fundi juu ya nyuzi.

"Rudisha mwanzo," alisema.