Keya Asiye na Kaburi

Sikonge wengi tumelelewa na Wamoravian, na alfajiri ya Pasaka huenda makaburini kuimba hadi jua lichomoze. Kila ukoo husimama kwa watu wake. Mdogo wake babu, aliyekwenda Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Pili, hakuwa na kaburi la kusimamia.

Bibi hakukubali aitwe marehemu. Akiulizwa, alijibu tu, "Yupo Bama," yaani vitani Burma. Na wala hakuwa mjinga. Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya pembe walikwenda pwani wakachelewa miaka, hata wakarudi na wake wasiojulikana nyumbani. Baadaye ikawa mkonge wa Tanga, mambo yakawa yale yale. Mtu aliyekwenda mbali alingojwa.

Aliyekatisha kungoja huko ni askari mwenzake, aliyekuja na habari kwamba hata Bama kwenyewe hakufika. Meli aliyopanda, Khedive Ismail, ilitoka Mombasa Februari 1944 kwenda Ceylon, imepakia watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache mno. Kisha manowari za Kiingereza zikaishambulia nyambizi hiyo kwa mabomu ya majini, hali manusura wakielea papo hapo. Walikufa watu 1,297. Kijana wa miombo, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya mto Ugalla wakati wa masika!

Baada ya hapo babu akaanza kumtaja katika sala za marehemu. Bibi alinyamaza, ila hakuitikia amina.

Vita vya Kagera vilileta desturi nyingine: mashujaa walizikwa Kaboya, Muleba, na ndugu wakapata mahali pa kwenda. Desemba 2017, walinda amani wetu wasiopungua 14 walipouawa Semuliki, Kongo, redio ilitangaza upesi, na majeneza yakarudi yamefunikwa bendera ya taifa. Msibani kwa jirani nilimsikia mama mmoja akisema, "Heri hawa wamerudishwa." Hakuna aliyembishia. Kulia juu ya jeneza ni haki ambayo bibi hakuipata.

Askari wa Khedive Ismail wanakumbukwa Nairobi, kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio katika makaburi ya vita. Siku hizi si lazima kusafiri: Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka kumbukumbu zake kwenye intaneti. Mwenye mzee aliyepotelea Bama au baharini na amtafute humo. Ajaribu kila namna ya kuliandika jina, L mahali pa R, na hata jina la baba peke yake, maana makarani waliandika walivyosikia. Akilipata, alipeleke kanisani au msikitini, lisomwe pamoja na ya wengine.