Nani Anamfuata Huyu?

Mwaka 2023, baada ya kuitumikia idara ya afya kwetu Tanga hadi kustaafu, nilijikuta Bulengo, magharibi ya mji wa Goma, Kongo, ambako halaiki ya watu waliokimbia vita vya waasi wa M23 kutoka Masisi na Rutshuru walikuwa wametandaza maturubai juu ya mawe meusi ya volkano, magumu hata shimo la choo likawa kazi ya kutoa jasho la siku nzima pasipo kufika kiunoni. Nilisimamia vijana waliopita kaya kwa kaya wakiuliza habari za maji na maradhi, na kuwapima watoto mkono kwa ule utepe ambao chini ya milimita 115 huonyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Lakini swali lililonikosesha usingizi lilikuwa la vifo. Kwa kaida ya kazi yetu, kifo kimoja kwa watu 10,000 kwa siku ndiyo alama ya hatari. Basi ukihoji kaya zenye watu 3,000 juu ya siku 90 zilizopita, mpaka baina ya salama na balaa ni vifo 27 tu, na vichache vikifichwa, balaa husomeka kuwa ni salama.

Katika hema moja, mama alijibu kuwa hakufiwa. Kijana wangu akaandika sufuri. Mimi nilikuwa nikiwatazama watoto: mmoja wa miaka saba, mwingine wa mwaka mmoja unusu, na katikati hapana mtu.

“Mama, huyu mkubwa, nani anamfuata?”

Akanyamaza, akaivuta khanga begani. “Papa, munaandika juu ya kadi ya chakula?”

Nilimwapia kwamba karatasi yetu haipunguzi posho ya mtu. Ndipo akasema: alikuwa wa kiume, aliharisha usiku mmoja na mchana wake. Zahanati haikuwa mbali, na dawa bure, na fomu yetu ilikwisha kuihesabu kaya yake miongoni mwa zilizofikiwa na huduma. Ila siku ile ilikuwa ya kugawiwa maharagwe, na asiyesimama kwenye mstari hana chakula cha wiki zile.

Kijana akaikata sufuri. Sikumlaumu, kwani maswali yale niliyatunga mwenyewe. Asubuhi yake tulirudi hema la kwanza, tukaanza upya.