Kasha la Chanjo na Saa ya Kufika

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza majokofu ya chanjo. Kwa miaka mingi nilitumwa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, Tabora na Kigoma nikiwa na mizigo miwili isiyopatana. Wa kwanza ni chanjo yenyewe ndani ya kasha la barafu, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ya polio ikipigwa na joto inakufa. Ya pepopunda ikiganda haifai tena. Wa pili ni jokofu la mafuta ya taa. Hilo halijali joto la njiani, ila halitaki kulazwa wala kurushwarushwa, na likifika liachwe limesimama litulie kabla ya kuwasha utambi. Starehe yangu mimi ilikuja baada ya hayo yote.

Kwa jokofu, treni haikuwa na mpinzani. Tulilisimamisha kwenye kona ya behewa la mizigo, tukalifunga kamba, nami nikaenda zangu kulala daraja la pili. Reli ile ya upana wa mita moja, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilikuwa ya mwendo wa taratibu. Unalala, unaamka, unanyoosha miguu, unashuka Saranda kununua kuku, unarudi kukuta wenzako chumbani wameshakuwa ndugu. Sijapata kusafiri kwa raha kuliko hiyo. Lakini ratiba ilisema usiku mbili hadi Kigoma, na barafu ndani ya kasha haisomi ratiba. Mvua ikinyesha sana, Mto Mkondoa ulifurika na kula tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata njia hiyo kwa miezi.

Basi lilikuwa na kasi, tena lilikuwa na saa yake: linaondoka alfajiri, na kwa kuwa enzi hizo mabasi yalikatazwa kutembea usiku, dereva alijua lazima afike au alale njiani. Vita yangu ilikuwa na buti, maana kule chini jua likiwaka panakuwa tanuri.

“Mzee, hilo kasha linashuka kwenye buti,” konda mmoja aliniambia kabla hatujaondoka.

“Hapana, kijana wangu. Hizi ni chanjo za watoto.”

Mama aliyekaa jirani yangu hakungoja tubishane. Alivuta kikapu chake, akakipakata, akanionyesha nafasi chini ya miguu yake. Tulikwenda hivyo hadi Dodoma, magoti yake yamepanda juu, mimi nikifungua kifuniko mara moja tu, Gairo, kusoma kipimajoto. Naye akachungulia, akauliza, “Bado wazima?” Nikamjibu wazima.

Ndege iliifupisha safari ya Kigoma ikawa ya saa chache, na kwa chanjo ni baraka kubwa. Ila haikuruka kila siku, na safari ikifutwa unabaki uwanjani unatafuta nani mjini ana friza ya kukugandishia chupa za barafu upya. Ndipo nilipoacha kuuliza chombo kipi kina mbio. Niliuliza kipi kitafika saa kiliyosema, kwa sababu barafu hupangwa kwa saa. Ukijua ni kumi na nne, unajiandaa kwa kumi na nne. Usipojua, huna unaloweza kuliandaa.

Kusini ya Kigoma hakukuwa na cha kuchagua. Kulikuwa na Liemba, meli iliyoanza kuelea Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ikazamishwa vitani mwaka uliofuata, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Vijiji vingi vya mwambao havikuwa na gati. Meli ilipiga honi gizani, mitumbwi ikaizunguka kwa kelele. Jokofu la zahanati moja tuliliteremsha kwa kamba, wima, inchi kwa inchi. Vijana wawili waliolipokea walilikumbatia kila mmoja upande wake, na hawakuliachia mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga.

Nilikuwa nimeshastaafu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria hadi Dodoma, Julai 2024. Nilipanda kwa nauli yangu mwenyewe, nikakaa dirishani, nikaangalia saa badala ya kuangalia nje. Tuliondoka kwa wakati, tukapita Morogoro kwa wakati, na baada ya saa tatu na nusu hivi tulikuwa Dodoma, njia ambayo kwa basi ilinilia siku nzima. Nilishuka nikipiga hesabu ya kasha langu la zamani. Barafu ya asubuhi ile ingetosha kunifikisha Kongwa, na jioni hiyohiyo Mpwapwa.