SINZA AU MANZESE? VAA RABA UKATEMBEE KWANZA

Wazee wetu walituambia kupanga ni kuchagua. Sisi wapangaji wa Dar tunajua ukweli wake, msomaji wangu: ukipanga, unachaguliwa. Unachaguliwa saa ya kuzima feni, unachaguliwa siku ya kufua, na mgeni wako akizidisha usiku wa tatu mama mwenye nyumba anaanza kuguna dirishani. Halafu mkataba ukikaribia kwisha unaambiwa kodi ya mwaka mzima, mkupuo, na ukishindwa kuna mtoto wa mtu anakisubiri chumba.

Basi tumechoka. Mimi na mama watoto tumebana matumizi miaka tisa, tumecheza upatu, tumekopa kwenye chama cha akiba kazini, na vyote hivyo vimezaa fungu moja tu. Fungu hilo halitoshi Mikocheni hata choo. Halitoshi Mbezi Beach hata ukuta. Huko Chanika na Bunju linatosha na chenji inabaki, lakini mama yangu mzazi anahamia kwetu na magoti yake hayataki kabisa habari za kuamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la kliniki. Tukabaki na majirani wawili, Sinza na Manzese. Ukitoka barabara ya Morogoro kwa miguu unaweza kuanza na supu Manzese na kumalizia na soda Sinza kabla jasho halijakauka.

Hawa ni ndugu wa baba mmoja, ila mmoja kasomeshwa na mwingine kaambiwa ajitegemee. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya makazi ya watu wa kipato cha chini. Sinza, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, zikapimwa viwanja kwanza, barabara zikachorwa, watu wakaja baadaye kujenga. Manzese watu walikuwa wameshajaa, kwa hiyo ikaboreshwa hivyo hivyo ilivyo: barabara kadhaa, maji, taa, shule, basi. Mwaka 2021 mchumi Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti wao katika Journal of Political Economy kuhusu miradi hiyo hiyo ya Tanzania. Wakakuta kwamba kule kulikopimwa kabla ya watu kujenga, miongo kadhaa baadaye kuna nyumba bora kuliko kule kulikoboreshwa watu wakiwa ndani. Mama yangu, aliyewahi kukaa kote kuwili, aliposomewa habari hiyo akauliza, "Wamelipwa kwa kugundua hilo?"

Jumamosi ya kwanza tulianza na Sinza. Pale hata mlevi hapotei. Barabara zimenyooka, kila nyumba ina uso wake unaotazama njia, na vituo vina majina ya kukumbukika: Kijiweni, Makaburini, Kumekucha, Mori, na Kwa Remmy, panapoitwa hivyo kwa sababu ndipo alipokuwa akiishi Remmy Ongala, yule mwanamuziki aliyetoka Kongo, aliyefariki Desemba 2010. Nani asiyeijua Sinza? Ukitaja jina hilo mbele ya vijana wa mikoani, macho yanawaka. Wanafikiria kitimoto, muziki, na gesti zenye mataa mekundu.

Ndiyo hizo hizo gesti, sasa. Dalali wetu, kijana mmoja wa kofia, anayeita kila mtu "bosi" hata kama bosi kavaa kandambili, alitupeleka kwenye nyumba ya kwanza. Nyumba safi, geti la chuma, mti wa mwarobaini. Upande wa kushoto baa, upande wa kulia baa. Mama watoto akauliza, "Kaka, usiku hapa panakuwaje?" Dalali akajibu bila kupepesa, "Panachangamka, mama." Tukarudi wenyewe saa tano usiku, bila dalali. Kuchangamka kwenyewe kulikuwa kunatikisa vioo vya madirisha.

Nyumba ya pili ilikuwa kimya, mitaa ya ndani, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa mchezo. Kwa fungu letu hatupati nyumba. Tunapata nusu. Mwenye kiwanja kajenga nyumba kubwa mbele, uani kajenga banda la vyumba vitatu, na sasa anauza banda. "Unamiliki Sinza, bosi!" Nikauliza hati. Hati ipo, nzuri, ina muhuri, ina jina lake yeye mwenyewe. Je, kiwanja kitagawanywa kisheria niwe na hati yangu? Dalali akacheka kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi. Tutaandikishana kwa mwanasheria, akasema, mambo yanaisha.

Hayaishi, ndugu yangu. Karatasi ya kuandikishana haimzuii mwenye hati kwenda nayo benki kuchukua mkopo. Akishindwa kulipa, mnada unaita kiwanja kizima, banda lako likiwamo, na wewe unabaki na karatasi ya mwanasheria na watoto barabarani. Na asipokopa, atakufa siku moja kama sisi sote, na watoto wake watakaokuja kugawana hawakuwepo mlipokuwa mnapeana mikono. Kiwanja kizima chenye hati Sinza ni mali isiyo na mjadala, na mwenye uwezo huo aache kusoma hapa akalipie. Nusu kiwanja ni uswahilini ule ule, ila una lami mlangoni.

Jumamosi ya pili tukaenda Manzese.

Nitasema kweli, mama watoto hakutaka. Yeye kakulia Manzese ya simulizi, ile ya vibaka na visu. Wakubwa zake walikuwa wakishuka pale Darajani kununua mitumba huku pochi wameishika kwa mikono miwili. Mimi nikamwambia Manzese ndiyo iliyozaa vijana wa Tip Top Connection, na Madee mpaka leo anajiita Rais wa Manzese, sijamsikia mtu akijiita rais wa Mbezi Beach. Hakucheka.

Tukashuka kituo cha mwendokasi cha Tip Top. Hapa Manzese imeipiga Sinza bao la mapema. Tangu Mei 2016 yale mabasi yanapita katikati ya barabara ya Morogoro kwenda Kivukoni kwenye njia yao wenyewe, na vituo vya Urafiki, Tip Top, Manzese na Argentina vimepangana hapo kama shanga. Ndiyo, utabanwa mle ndani mpaka ujue jirani yako kala nini asubuhi. Lakini mtu wa Sinza naye lazima apande daladala au bodaboda kwanza ndipo alifikie basi hilo hilo, akabanwe vile vile.

Ukiiacha barabara kuu, dunia inabadilika. Nyumba zimegeukiana kila upande, mabati yanagusana, uchochoro unapita mtu mmoja na ndoo yake. Na watu! Mama anakaanga mihogo, fundi anashona shati la mtu aliyesimama kifua wazi akilisubiri, watoto wanacheza rede, wazee wako kwenye bao. Nyumba tuliyopelekwa ilikuwa ya vyumba sita, ya kizamani, korido katikati, uwani kisima na choo. Nyumba nzima, msomaji! Kwa hela ile ile ya banda la Sinza. Vyumba vitatu tukikaa, vitatu tukipangisha, mkopo wa kazini unajilipa wenyewe.

Barazani alikaa bibi mmoja anachambua mchele. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Mmekuja kununua kwa fulani?" Hatujamwambia lolote. Akatueleza kila kitu: nani alijenga, alikufa lini, ana watoto wangapi kwa wake wangapi, yupi anataka kuuza na yupi yuko Tanga hajaambiwa. Dalali wa upande huo alikuwa anatazama viatu vyake. Ule upekuzi wa bibi, wa bure na mchele ukiendelea kuchambuliwa, ulinifaa kuliko maneno yote ya madalali wa wiki mbili.

Kumbe hapo ndipo penye shughuli. Nyumba nyingi za Manzese ni za urithi, na nyumba ya urithi haiuzwi na mtoto mwenye sauti kubwa. Anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Nyumba ya aliye hai nayo ina mke ndani, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, wala mke bila ya mumewe. Kwa hiyo ukimwona muuzaji anakukaribisha saa ambayo mkewe yuko sokoni, rudi akiwapo.

Karatasi yenyewe ni nyingine pia. Sinza wana hati, za miaka 33, 66 mpaka 99. Manzese, kama sehemu nyingine nyingi zisizopimwa, utaonyeshwa leseni ya makazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliiruhusu, na kuanzia 2004 nyumba nyingi za Dar zilisajiliwa kwa mtindo huo. Ni ya miaka michache, inabidi kuihuisha, na benki nyingi zinaitazama kama noti iliyochanika. Hata hivyo ina namba, ina jina, na jina hilo linaweza kubadilishwa likawa lako. Nusu kiwanja cha Sinza hakiwezi hilo. Nililipigia hesabu jambo hili usiku mzima, na kila nikigeuka upande wa pili jibu lilikuwa lile lile.

Ukivutiwa na nyumba iliyo karibu na lami kubwa, uliza pia hifadhi ya barabara inaishia wapi. Mwaka 2017 wenzetu wa Kimara kwenda Kiluvya walivunjiwa kando ya barabara hii hii ya Morogoro, wengine wakiwa na majumba ya ghorofa. Usikubali kuonyeshwa kwa kidole, tafuta alama.

Na mvua je? Mto Ng'ombe unapita huku huku, unakusanya maji ya Sinza, Manzese na Tandale na kuyashusha kuelekea Msimbazi. Umejengewa kingo za zege kwa sehemu kubwa, lakini maji hayana ujamaa. Nyumba ya bondeni ni ya bondeni hata ikiwa na hati. Sisi tulisubiri mvua inyeshe usiku, asubuhi tukaenda na raba. Sinza, lile banda la uani lilikuwa na alama ya maji ukutani, imepakwa rangi juu. Manzese, nyumba ya bibi mchambua mchele ilikuwa kavu ila uchochoro wake ulikuwa supu. Mwendokasi nayo ilikuwa imesimama, maana Jangwani ikijaa maji kila mtu anarudi kuwa sawa, wa Sinza na wa Manzese.

Lililonitia hofu Manzese halikuwa vibaka. Nilihesabu hatua kutoka mlangoni mpaka mahali gari linapoweza kufika. Nyumba ile: hatua mia na kumi. Gari la maji taka haliingii, la zimamoto haliingii, na siku mama akizidiwa atabebwa kwenye kiti na vijana wa kijiweni. Vijana wapo, watambeba, sina shaka, tena watakataa hela. Ila sitaki maisha ya mama yangu yategemee kama vijana wapo kijiweni siku hiyo au wameenda mpirani.

Tukapeleka kesi kwa mama mwenyewe. Yeye alisikiliza yote, hati, leseni, kingo za mto, akauliza swali moja. Sinza akikaa nje, atamsalimia nani? Kule ni geti na ukuta, na banda la uani linatazama tangi la maji. Mama watoto kimya. Halafu akasema haya, Manzese, lakini nyumba ya pili kutoka barabara ya gari, haizidi hapo, na mlango wa chuma.

Tumeipata. Ya vyumba vitano, hatua ishirini na mbili kutoka gari linapofika, leseni ina jina la marehemu, watoto ni wanne na wote tumeonana nao, yule wa mbali kwa simu. Wamefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo. Dalali ananipigia asubuhi na jioni, "Bosi, weka hata nusu, kuna Mpemba anaitaka kwa keshi." Namjibu amwambie huyo Mpemba naye asubiri barua ya mahakama. Fungu liko benki. Mama ameshanunua mkeka wa barazani.