Dada, mdogo wake na kiwanda cha bia cha Dublin

Mdogo mtu ndiye aliyetaka kwenda kiwandani. Dada yake, muuguzi anayeishi Dublin, Ireland, alijaribu kumpeleka kwingine kwa sababu ambayo familia nzima inaijua: kijana huyu ana miaka miwili tangu aache pombe. Lakini alikuwa amesafiri kutoka Mwanza, na marafiki waliomuaga walimwambia asirudi bila kuiona Guinness.

Wakaanza na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia, Mtaa wa Kildare. Hakuna kiingilio, jambo la heri kwa mzazi mwenye watoto wanne. Dhahabu za kale zipo, lakini kilichowasimamisha ni miili ya watu waliokufa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ikahifadhiwa na udongo wa kinamasi. Miwili ilipatikana mwaka 2003. Mmoja umebaki kiwiliwili na mikono tu, na kucha zake ni nadhifu kama za karani. Mwingine bado una nywele, zilizopakwa utomvu wa msonobari kutoka ng'ambo.

"Kumbe mafuta ya nywele hayakuanza na sisi," mdogo mtu alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo dada yake akacheka. (Mwenye mtoto anayeota usiku ampitishe upande wa dhahabu.)

Kutoka hapo walitembea hadi St. James's Gate. Jengo la wageni, Guinness Storehouse, lina ghorofa saba. Lilijengwa mwaka 1904 kwa ajili ya kuchachushia bia, na wageni wanaingia tangu mwaka 2000. Kiingilio chake si kidogo. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na mtu mzima.

Chini, ndani ya sakafu, umewekwa mkataba wa pango wa mwaka 1759. Arthur Guinness alikodi eneo hilo kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Kabla ya hapo alikuwa na kiwanda kidogo Leixlip, nje ya mji, na alipohamia Dublin alimwachia mdogo wake, Richard.

"Na jina la Richard mbona halipo kwenye chupa?"

"Muulize kaka yake," dada akajibu.

Wakapanda. Shayiri iliyokaangwa, ambayo ndiyo huipa bia hii weusi wake, hunukia kama kahawa. Maji hutoka milima ya Wicklow. Mdogo mtu alisoma kila kibao. Dada alisoma uso wa mdogo wake.

Juu kabisa ni baa yenye kuta za vioo, ambako tiketi hubadilishwa kwa glasi ya bia au soda. Dada aliagiza soda mbili kabla mwenzake hajafungua mdomo.

"Dada, ningeagiza mwenyewe."

"Najua."

"Hujui. Tangu asubuhi unaniangalia mimi. Angalia mji."

Alikuwa hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma dada zaidi. Akageukia kioo. Akamwonyesha milima, kisha paa la hospitali anakofanya kazi.

"Zamu ya usiku unatoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na wakati wa kwenda, gizani, nani anakusindikiza?"

"Hakuna. Napanda tramu."

Mdogo mtu akaweka glasi yake chini. "Leo unaingia?"

"Leo naingia."

"Basi tutakwenda wote."